Shajara ya mradi: kuliwinda jiwe la angani kutoka Mbale

Jumamosi, 22 Juni 2024

Nafungua daftari hili kwa sababu ya jiwe moja. Tarehe 16 mwezi huu darubini ya ATLAS, mradi wa kusaka mawe yanayoikaribia dunia, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ililikuta likielea angani, na halikuwa limejulikana kabla. Limepewa jina la 2024 MK. Wiki ijayo, tarehe 29, litatupita kwa umbali wa kilomita 295,000 hivi, karibu kuliko mwezi. Ukubwa wake unakadiriwa kuwa kati ya mita 120 na 260.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Mbale, Uganda. Baba alikuwa askari, kwa hiyo nyumbani tulikulia Kiswahili cha kambini, na ndicho ninachoandikia. Mambo ya anga yalinishika tangu tarehe 14 Agosti 1992, vimondo vilipoanguka juu ya mji huu mchana kweupe. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mawe yaliyookotwa yalikuwa ya kilo na kilo, lakini tuliyemzungumzia sisi watoto ni yule kijana aliyepigwa kichwani na kipande cha gramu tatu na ushei. Kiliangukia kwanza kwenye majani ya mgomba, ndiyo maana hakikumuumiza. Kwa mwaka mzima hatukupita shambani bila kutazama juu.

Dukani kwangu kila kitu cha angani huitwa kimondo. Humu nitatofautisha: kinachoingia hewani na kuwaka ni kimondo, na kinachopita zake huko nje ni asteroidi, ingawa mara nyingi nitasema "jiwe" tu.

Vifaa: darubini ya kioo cha milimita 114 niliyoinunua ikiwa imetumika, shilingi 620,000. Lenzi zake za jicho ni mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10. Sihitaji kutafuta njia kwa nyota, nina simu yenye ramani ya anga. Ndivyo ninavyodhani leo.

Jumapili, 30 Juni 2024

Sikuliona.

Kosa la kwanza ni la saa, na litamkuta kila Mswahili atakayejaribu kazi hii, kwa hiyo nalieleza polepole. Majedwali ya mahali pa asteroidi hutolewa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyenitolea namba kwenye Horizons, mfumo wa mtandaoni wa JPL, maabara ya NASA ya Marekani. Tulichagua 00:00 UTC. Huku kwetu unaongeza tatu, inakuwa 03:00, yaani saa tisa usiku. Yeye aliandika kwenye karatasi: "saa 3 usiku". Simu yake husoma 3:00, shuleni wanasoma 3:00, akaandika 3. Mimi nikasoma saa tatu usiku, kama binadamu yeyote anayetoka kuswali isha.

Saa tatu nikawa uani. Ramani ya simu ikadai sehemu ninayoitafuta iko chini kabisa, nyuma ya migomba ya jirani. Nikaamua simu ndiyo imepoteza dira. Nikaizungusha hewani kwa mchoro wa namba nane, nikaizima, nikaiwasha, nikaihamisha mbali na bati, saa nzima. Nilipoelekeza darubini mahali pale, nilichokiona kwa ukubwa wa ajabu ni jani la mgomba lenye tundu la kiwavi. Saa sita mawingu yakashuka kutoka mlima Wanale, nikafunga.

Asubuhi mpwa wangu akaja na chai. "Mjomba, umeliona?"

"Saa tatu yako haina kitu."

Akaitazama karatasi. "Saa tatu ipi, mjomba? Mimi nilimaanisha tisa."

Mlinzi wa duka la jirani akaniambia kwamba saa tisa anga ilikuwa safi, nyota zimejaa. Hakuna nililomjibu.

Dawa niliyoipata: kutoka UTC kwenda saa ya Kiswahili hapa Uganda, toa tatu. Ukipata zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili. Ukishuka chini ya moja, ongeza kumi na mbili. UTC 18:00 inakuwa 15, inakuwa saa 3 usiku. UTC 00:00 inakuwa saa 9 usiku. Kuanzia leo karatasi zote zina safu mbili, UTC na Kiswahili, na neno "usiku" au "alfajiri" haliachwi.

Gharama: bando 10,000.

Jumapili, 14 Julai 2024

Nimegundua kwamba hata ningeamka saa tisa nisingeliona. Hili limeniuma kuliko lile la kwanza.

Mfumo wa Horizons usipouambia uko wapi, unakupa mahali pa jiwe kana kwamba unatazama kutoka kitovu cha dunia. Kwa sayari na nyota haidhuru, ziko mbali mno. Lakini nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, ukitazame kwa jicho la kulia kisha la kushoto: kinaruka mbele ya ukuta. Ukikisogeza karibu na pua kinaruka zaidi. Jiwe lililo karibu ndicho kile kidole. Jicho moja ni kitovu cha dunia na jingine ni Mbale, na kati yao kuna zaidi ya kilomita 6,000. Usiku ule tofauti ingeweza kufika robo tatu ya digrii, mwezi mpevu mmoja na nusu.

Nami nilikuwa nimefunga lenzi ya milimita 10, inayoonyesha kipande cha anga cha nusu digrii tu. Sababu yangu naiandika kwa aibu: nilitaka jiwe lionekane kubwa. Jiwe la mita 150 kwa umbali ule ni nukta katika darubini yoyote niwezayo kununua, hata nikiuza duka. Lenzi ya milimita 25 ndiyo ya kutafutia.

Sasa mahali petu pamehifadhiwa: latitudo 1.08 kaskazini, longitudo 34.18 mashariki, mita 1,150 kutoka usawa wa bahari. Anayeiga aweke namba za kwake. Za Kampala hazitoshi kwa mtu wa Mbale jiwe likipita karibu sana.

Agosti hadi Oktoba 2024

Mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kimasaba. Ngoma usiku kucha, vumbi, na vijana wanaopita wakicheza kupitia kila ua. Niliweka darubini nje mara mbili. Mara ya pili umati uliingia na kuibeba pamoja na stuli yake mita kumi hivi, kwa heshima zote, kisha wakairudisha. Haikuvunjika, ila kioo kilihama na kukilinganisha kulinichukua siku mbili.

Nilitumia muda huo kubadili mpango. Jicho peke yake haliachi ushahidi, kwa hiyo nahamia kwenye picha. Kamera iliyotumika 850,000, lenzi ya milimita 50 kwa 350,000. Mke wangu ameomba iandikwe humu kwamba hakuulizwa.

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Nyota hazisimami, na picha ya sekunde 60 inazichora kama vijistari. Unahitaji kifaa kinachoigeuza kamera pole pole kuzifuata. Cha bei rahisi ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na bolti inayozisukuma kufunguka. Bolti ya M6 husogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiitoboa milimita 229 kutoka kwenye bawaba na kuizungusha mara moja kila dakika, ubao hufunguka kwa mwendo uleule wa anga. Unahitaji mkono wako na saa yenye mshale wa sekunde, basi.

Seremala jirani yangu, Hajji, alitengeneza kwa mabaki ya plaiwudi. Mbao 25,000, bawaba 6,000, bolti na nati 4,000, ufundi 30,000.

Picha za kwanza zilitoka mbaya kuliko bila kifaa. Niliufunga ubao kinyume, ukawa unaigeuza kamera mashariki nyota zikienda magharibi. Hilo ni dogo, unageuza tu. Baada ya kugeuza, bado nyota zilivutika, kidogo lakini kila mara. Nikapima upya nafasi ya tundu, ni 229 kamili. Nikazungusha kwa uangalifu kama mtu anayechota asali. Wiki tatu.

Hajji ndiye aliyeona. Aliichomoa bolti, akaiweka kando ya rula, akahesabu meno kwa ukucha. "Fundi, hii si milimita moja. Hesabu kumi, zimekwenda kumi na mbili na nusu." Dukani walikuwa wamenipa M8, nami nikaipokea kwa sababu iliingia kwenye nati yake. M8 ya kawaida husogea milimita 1.25, kwa hiyo tundu lake linatakiwa kuwa milimita 286. Tulitoboa upya badala ya kununua upya. 15,000 pamoja na ubao mrefu zaidi.

Lililobaki ni kaskazini. Maelekezo yote niliyoyasoma yanaanza hivi: elekeza bawaba kwenye nyota ya kaskazini. Walioyaandika wanaishi Ulaya, nyota hiyo iko juu ya mapaa yao. Hapa iko digrii moja juu ya upeo, ndani ya moshi wa majiko na nyuma ya nyumba ya jirani. Hakuna aliyewahi kuiona kutoka ua huu. Kwa hiyo kwetu bawaba hulala, karibu sambamba na ardhi, ikitazama kaskazini. Kwa ubao wangu wa sentimita 40, ncha ya kaskazini inainuliwa milimita saba na nusu tu, pima maji ikiwa katikati kabla ya hapo.

Kaskazini yenyewe nimeipata kwa kijiti. Leo saa 6:35 mchana, jua likiwa katikati, kijiti cha mita moja kilitupa kivuli cha sentimita 44, na kivuli hicho kinaelekea kaskazini halisi. Nimekichora kwa rangi kwenye saruji. Usijaribu hili Machi wala Septemba: jua liko utosini, kivuli kinajificha chini ya kijiti.

Usiku nilipiga sekunde 90. Nyota ni nukta.

Jumatano, 19 Februari 2025

Sijapiga picha yoyote, nimejibu maswali tu. Jiwe la 2024 YR4, lililoonekana Chile tarehe 27 Desemba, limepewa jana uwezekano wa asilimia 3.1 wa kuigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032, na habari imefika sokoni kabla ya nyanya. Mama muuza maharage aliniuliza kama aendelee na chama cha akiba. Nilimwambia aendelee. Ukanda wa hatari uliochorwa unapita Afrika pia, sikumficha, na wakubwa wa hapa wanakumbuka 1992.

Nilichomweleza ni kwamba namba hiyo hupanda kabla ya kushuka. Wasipojua vizuri njia ya jiwe, mahali litakapopita ni kama kivuli kipana, na dunia ni shabaha ndani yake. Vipimo vikiongezeka kivuli hubana. Dunia ikiwa bado ndani, sehemu yake inakuwa kubwa zaidi, mpaka kivuli kinapobana na kuiacha nje.

*Nyongeza, 26 Februari:* imeshuka, sasa ni sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Mama maharage hakushangaa. Alikuwa ameshalipa mchango wa wiki.

Jumatano, 7 Mei 2025

Asteroidi ya kwanza kwenye picha! Si jiwe la karibu, ni Vesta, kubwa lenye upana wa kilomita 525 hivi, lililoko kati ya Mirihi na Mshtarii. Tarehe 2 lilikuwa mkabala na jua, sisi tukiwa katikati, kwenye kundi la nyota la Mizani, likiwa ang'avu kiasi kwamba mwenye macho makali na giza la kweli angeliona bila darubini. Masika yalitupa nafasi mbili tu: dakika 25 usiku wa tarehe 2, na karibu saa moja usiku wa jana.

Picha moja haikuambii kitu, ni nyota nyingi. Mpwa wangu aliziweka mbili kwenye simu, akawa anazipishanisha kwa kidole, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nukta mia kadhaa zimetulia. Moja inaruka, karibu digrii nzima. Alikaa kimya, akazipishanisha tena, kisha akaniita jina langu badala ya mjomba. Sikumkemea.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Tarehe 18 lilipita jiwe la 2025 FA22, kilomita 835,000 hivi. Nililiacha. Lilikuwa hafifu mno kwa lenzi ya milimita 50.

Badala yake nimefanya zoezi ambalo Uganda tumepewa bure. Dishi za televisheni hapa hutazama juu moja kwa moja, kama bakuli la kukingia mvua, kwa sababu setilaiti yake iko juu ya Ikweta kwenye longitudo 36, karibu na utosi wetu. Iko kilomita 35,786 juu na haisogei. Basi ukiiacha kamera bila kifaa, ikitazama utosini, kila nyota inachora mstari na setilaiti inabaki nukta. Umbali huo ni karibu sawa na wa jiwe ninalolingojea kweli, nitalieleza chini. Nilitaka kujua kama kamera yangu inafika.

Inafika. Nilipata nukta tatu zilizosimama. Halafu saa sita kasoro dakika chache usiku, zote zikazimika. Nilibadilisha betri, nikafuta lenzi, nikabadilisha kadi. Mistari ya nyota iko palepale, nukta hazipo. Nikalaani kamera na aliyeniuzia. Saa saba na dakika chache zikarudi, kama watu waliotoka msikitini.

Ni kivuli cha dunia. Karibu na siku za usiku na mchana kulingana, setilaiti hizi huingia kwenye kivuli chetu kila usiku, hadi dakika 70 hivi. Nilikuwa nimepiga picha kivuli cha ardhi niliyoikanyaga, nikadhani ni betri.

Katikati ya laana hizo alifika mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, na vijana wawili wenye fimbo. Jirani alimpigia simu kwamba kuna mtu uani ameweka bomba.

"Fundi, hicho ni nini?"

"Kamera, Mwenyekiti. Napiga picha setilaiti ya televisheni."

Akatazama juu, akatazama kamera. "Sasa ndiyo imefanya picha zikatike jana kwenye mpira?"

Nilimwonyesha picha kwenye kioo, akatulia. Lakini wewe unayeiga, nenda kwa mwenyekiti kabla, mchana, na kifaa mkononi.

Kosa jingine, la kimya: saa ya kamera hukimbia. Nililinganisha na simu, imezidi sekunde 19 tangu Mei. Sasa kila usiku picha ya kwanza na ya mwisho ni ya kioo cha simu kinachoonyesha sekunde.

Jumamosi, 17 Januari 2026

Jiwe lenyewe ni Apophis. Liligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 kwenye kituo cha Kitt Peak, Arizona, na kwa muda lilitisha watu. Sasa linajulikana kwamba halitatugonga kwa miaka 100 angalau. Ukubwa wake ni karibu mita 340. Tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, *chini* ya setilaiti ya dishi, na litaonekana kwa macho matupu, likitoka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi juu ya Afrika. Litakapofika karibu kabisa litakuwa juu ya Atlantiki: 21:46 UTC. Toa tatu: saa 6:46 usiku wa kuamkia tarehe 14. Mpwa wangu ameiandika kwa chaki ukutani dukani, safu mbili.

Kwa umbali huo, kidole gumba kinaruka karibu digrii 10, ngumi nzima ya mkono ulionyooka. Ramani ya gazeti la nchi nyingine itakuelekeza kwenye nyota ambazo jiwe halipo. Mwendo wake utakuwa wa kupita upana wa mwezi kwa muda usiotimia dakika moja, kwa hiyo ubao wa Hajji hautahitajika kabisa usiku huo. Kamera, stuli, sekunde tano tano. Hajji alipoambiwa alisema pesa ya ufundi hairudi.

Mwezi utakuwa mwandamo, giza totoro. Tatizo ni Aprili yenyewe. Ni masika. Tangu mwaka jana nafanya mazoezi usiku uleule, saa ileile, kwa sababu kila 13 Aprili saa 6:46 nyota zilezile huwa mahali palepale, na nahesabu mawingu. Aprili 2025: mvua kubwa kuanzia saa nne, mwezi mpevu hauonekani hata doa. Mwaka huu nitagawa kazi. Mimi uani, na mpwa wangu amepata mtu wa kutuhesabia mawingu Moroto, ambako ni kukavu kuliko huku. Kukiwa na tofauti miaka miwili mfululizo, 2029 tunapanda basi.

Matumizi hadi leo: darubini 620,000, kamera na lenzi 1,200,000, mbao na ufundi 80,000, bando na boda boda 95,000. Jumla 1,995,000. Mke wangu amesoma jumla. Amesema darubini, kwa kuwa haitumiki tena, iuzwe kabla ya nauli ya Moroto kuandikwa. Bei ni 500,000, pamoja na lenzi zote mbili.